Chura wa Kihansi: Safari ya Bronx na Kurudi

Mwaka 1905, mjini Berlin, mtaalamu wa vyura na wanyama watambaao aitwaye Gustav Tornier alichapisha taarifa fupi kuhusu chura aliyetoka Afrika Mashariki ya Wajerumani. Matumboni mwa majike mlikuwa na watoto. Chura tunayemfahamu hutaga mayai majini, yakaanguliwa viluwiluwi, navyo vikaota miguu na kupoteza mkia kabla ya kutoka nchi kavu. Huyu wa Tornier alikuwa ameliruka dimbwi kabisa: mama anabeba mimba, anazaa, na mtoto anatua kwenye majani akiwa chura kamili mwenye miguu minne.

Leo anaitwa kitaalamu Nectophrynoides viviparus, na misitu ya Rungwe na Poroto ni miongoni mwa makazi yake. Sisi wa Songwe, ambao hadi Januari 2016 tulikuwa sehemu ya Mkoa wa Mbeya, tunaweza kumwita jirani: ukitoka Tunduma kwa basi la asubuhi, ukapita Vwawa, Mlowo na Mbalizi, ukashika njia ya Tukuyu pale Uyole, mchana unakuwa chini ya mlima anakoishi. Ndugu zake wa jenasi hiyo wametapakaa katika milima yetu ya mashariki na kusini, na hakuna hata mmoja anayepatikana kiasili nje ya Tanzania. Ninawataja mapema kwa sababu mmoja wao ndiye chura mashuhuri kuliko wote tuliowahi kuwa nao, na habari zake zimesimuliwa nchini kwa dhihaka mara nyingi mno.

Miaka ya mwanzo ya 1990 mvua zilikuwa haba, mabwawa yakapungua, na mgawo wa umeme ukawa sehemu ya maisha. Taifa lilihitaji chanzo kipya, na wahandisi walikuwa wamekwisha kukiona kwenye ukingo wa Milima ya Udzungwa. Huko Mto Kihansi unatoka kwenye nyanda za juu na kushuka kuelekea Bonde la Kilombero, zaidi ya mita 800 za mteremko ndani ya umbali mfupi sana. Bwawa dogo juu, handaki ndani ya mwamba, mitambo chini: mashine tatu za megawati 60 kila moja, jumla megawati 180. Benki ya Dunia ilitoa mkopo, na Norwei, Uswidi, Ujerumani na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya zikachangia. Ujenzi ukaanza katikati ya miaka hiyo ya 1990. Kwa macho ya mhandisi ulikuwa mradi msafi: bwawa lenyewe halikuzamisha vijiji wala mashamba makubwa.

Tatizo ni kwamba tathmini ya mazingira iliyofanywa mwanzoni iliangalia zaidi pale bwawa lingekaa. Korongo lililo chini ya bwawa, ambalo maji yangenyang'anywa, halikukaguliwa ipasavyo. Wanabiolojia waliingia humo baadaye, kazi za ujenzi zikiwa zimeshaanza. Mwaka 1996 walikuta kando ya maporomoko kitu ambacho sayansi haikuwa imekiona popote: vyura wadogo wa rangi ya haradali, maelfu kwa maelfu, kwenye majani yaliyolowa. Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na J. C. Poynton, B. T. Clarke na J. C. Lovett, walimwandika rasmi katika jarida la Afrika la elimu ya vyura na watambaao, toleo la 1998, kwa jina Nectophrynoides asperginis. Katika kichwa cha makala yao hiyo ya kwanza walikwisha kumtaja kuwa yuko hatarini kabisa. Jina na onyo vilitoka siku moja.

Jike aliyekomaa hafiki sentimita tatu, dume ni mdogo zaidi, karibu sentimita mbili. Ngozi ya tumbo la jike ni nyembamba kiasi kwamba akiwa na mimba unaweza kuwaona watoto ndani kama vivuli vyeusi. Huzaa mara nyingi kati ya watano na 13 kwa uzao mmoja, kila mtoto akiwa na milimita tano hivi. Ulimwengu wake wote ulikuwa karibu hekta mbili tu, eneo dogo kuliko viwanja vitatu vya mpira. Maji ya Kihansi yalipojipiga kwenye miamba yalirusha manyunyu usiku na mchana, na manyunyu hayo yakaotesha vijibustani vya kuvumwani na mimea laini ambavyo havikukauka hata kiangazi. Joto halikubadilika sana, unyevu haukukatika. Humo ndimo chura huyu alimoishi, na hajawahi kukutwa porini mahali pengine.

Mashine ya kwanza iliwashwa mwishoni mwa 1999, na mwaka 2000 kituo kikazinduliwa. Mto uliokuwa ukipitisha wastani wa mita za ujazo 16 hivi kwa sekunde ukaachiwa chini ya mita mbili kupita korongoni. Manyunyu yakakoma. Bustani zikaanza kunyauka na mimea ya sehemu kavu ikaingia.

Hapa ni lazima nisimame upande wa ukweli wote. Megawati 180 wakati ule zilikuwa karibu theluthi ya uwezo wa mitambo yote ya maji nchini. Tunduma inatumia gridi hiyo hiyo ya taifa: taa za forodhani usiku malori yakisubiri kuvuka kwenda Nakonde, mashine za kukoboa mpunga wa Momba, jokofu la chanjo katika zahanati. Simwombi mtu yeyote azime taa kwa ajili ya chura. Ninachosema ni kwamba taa hizo zilikuwa na gharama ambayo haikuandikwa kwenye hesabu za mwanzo, na aliyeilipa hakuwa na sauti ya kudai.

Hatua mbili zilichukuliwa kwa haraka. Korongoni kulifungwa mabomba yenye vinyunyizi, yakiendeshwa na mteremko wenyewe bila pampu, ili kuiga manyunyu yaliyopotea. Na mwishoni mwa 2000 vyura 499 walikusanywa, wakapakiwa na kusafirishwa kwa ndege hadi bustani ya wanyama ya Bronx, New York, kwa makubaliano kati ya Serikali ya Tanzania na shirika linaloiendesha bustani hiyo, Wildlife Conservation Society. Baadhi yao wakagawiwa bustani nyingine za Marekani, ikiwemo ya Toledo katika jimbo la Ohio.

Kwa nini Marekani? Kwa sababu ufugaji wa vyura ni fani yenye mizizi mirefu huko na Ulaya. Maelfu ya watu hufuga majumbani vyura wa sumu wa Amerika ya Kati na Kusini, wale wenye rangi za buluu, nyekundu na dhahabu ambao sumu ya ngozi ya aina zao chache ilipakwa na baadhi ya jamii za Wenyeji wa Kolombia kwenye vishale vya kuwindia. Hukaa katika masanduku ya kioo yenye mimea na kuvumwani, hunyunyiziwa maji, na hulishwa inzi wa matunda wasioruka pamoja na vidudu vidogo mno vinavyopatikana kwenye majani yaliyooza. Jike hutaga mayai machache juu ya jani, kisha mzazi hubeba viluwiluwi mgongoni, kimoja kimoja au vichache, hadi kwenye kijimaji kilichotuama kati ya majani ya mmea. Wafugaji wamejifunza kuiga yote hayo. Na wamegundua jambo la ajabu: akizaliwa nyumbani na kulishwa vyakula hivyo, chura huyu hana sumu, maana sumu yake porini hutokana na sisimizi na utitiri anaokula. Mnyama hubeba mahali anapotoka ndani ya mwili wake.

Chura wa Kihansi alikuwa mtihani mgumu zaidi, kwa sababu hakuna aliyewahi kumfuga. Mwanzoni wengi walikufa. Minyoo ya mapafu iliwashambulia, bakteria wakafuata, na wengine wakadhoofika mifupa kwa kukosa lishe na mwanga unaofaa. Baadhi ya bustani zilipoteza vyura wao wote. Kufikia 2004, kati ya wale 499 na vizazi vyao, waliobaki hai hawakufika 100, nao walikuwa katika bustani mbili tu, Bronx na Toledo. Duniani kote, uhai wa aina nzima ungeweza kutosha ndani ya ndoo moja.

Watunzaji hawakukata tamaa, na kazi waliyoifanya inastahili kusimuliwa polepole. Vyura waliwekwa katika vyumba vilivyotengwa, ambavyo mtu haingii na viatu alivyovaa nje. Maji ya bomba hayakutumika kama yalivyo. Yalichujwa hadi kuondolewa karibu kila kitu. Mashine za manyunyu zilifunguka mara nyingi kwa siku, ili kuvumwani kusikauke na chura asikae majini pia, kwa kuwa anahitaji kulowa, si kuogelea. Taa maalumu zilitoa mionzi ya urujuanimno ambayo jua hutoa, ili mwili uweze kutumia madini ya mifupa. Chakula kilipakwa unga wa vitamini na chokaa ya lishe kabla ya kumwagwa ndani.

Kazi kubwa kuliko zote ilikuwa watoto. Kiumbe wa milimita tano hawezi kumeza nyenje, hata aliyeanguliwa jana. Kwa hiyo kulisha watoto wa chura kulimaanisha kwanza kufuga chakula chao: makopo na makopo ya vidudu vya kwenye uozo, inzi wa matunda wa aina ndogo kabisa, wadudu wachanga wa kila namna, vyote vizaliane bila kukatika, kwani mtoto mdogo kiasi hicho hana akiba ya kusubiri hadi Jumatatu. Ndiyo maana mfugaji wa vyura mzoefu hutumia muda mwingi akiwa na wadudu kuliko vyura. Kidogo kidogo hesabu ikageuka. Majike wakabeba mimba, watoto wakakua na kuzaa, na mwisho wa muongo ule walikuwapo maelfu.

Wakati huo huko nyumbani mambo yalikuwa yameharibika. Kwanza ilionekana vinyunyizi vimefanya kazi: hesabu ya Juni 2003 ilikadiria vyura wapatao 20,000 korongoni. Miezi michache baadaye walikuwa wametoweka karibu wote. Januari 2004 walionekana watatu tu. Mwaka 2005 akaonekana wa mwisho. Ukungu wa ngozi uitwao kitridi, ambao umeangamiza vyura katika mabara mengi, ulithibitishwa kwenye mizoga. Chura hunywa kwa ngozi na kwa sehemu hupumua kwayo. Ukungu huo ukishaitanda, chumvi za mwili huvurugika hadi moyo ukasimama. Unaweza kusafiri ndani ya tope la kiatu, na korongo lilikuwa limeingiwa na watu wengi wenye nia njema.

Tena, katikati ya 2003 milango ya bwawa ilifunguliwa kusafisha mchanga uliojaa, na katika mashapo kulikuwa na mabaki ya viuatilifu, ikiwemo endosulfani. Wakulima wa zamani wa kahawa na pamba wanaifahamu dawa hiyo. Mwaka 2011 mkataba wa Stockholm uliiweka katika orodha ya kemikali za kuondolewa duniani. Vinyunyizi navyo vilikuwa vimesimama kwa muda. Wataalamu wamebishana kuhusu uzito wa kila sababu. Kwa maoni yangu, chura aliyekwisha kuwekwa kwenye mashine ya kupumulia hakuhitaji mapigo matatu, moja lilitosha. Mwaka 2009 Shirikisho la Kimataifa la Uhifadhi wa Asili, IUCN, lilimtangaza kuwa ametoweka porini.

Hapo ndipo masanduku ya kioo ya Bronx na Toledo yakawa taifa zima la chura wa Kihansi. Agosti 2010, vyura 100 walipanda ndege kurudi. Walipokelewa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika kituo kilichojengwa kwa ajili yao, na Watanzania waliokwenda kufundishwa Marekani wakaanza kufuga vyura wetu kwenye ardhi yetu. Kituo kingine kikafunguliwa Kihansi kwenyewe, karibu na korongo. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, lilisimamia kazi ya korongo: vinyunyizi, mimea, vipimo vya maji, na masharti ya viatu safi kwa kila anayeingia.

Mwaka 2012 vyura wakaanza kurejeshwa, baadhi kwanza ndani ya vizimba vya wavu ili waonekane kama wanaweza kuishi na ukungu uliokuwa bado humo. Desemba ya mwaka huo zaidi ya 2,000 wakaachiwa kwenye manyunyu ambayo babu zao waliyaacha miaka 12 nyuma. Ilitajwa kuwa mara ya kwanza duniani kwa chura aliyetangazwa kutoweka porini kurudishwa kwake. Nchi iliyofanya hivyo ni Tanzania, na ni habari ambayo watoto wetu wa shule wangepaswa kuijua kama wanavyojua urefu wa Kilimanjaro.

Badala yake, kwa miaka mingi vyura wa Kihansi wakawa mfano wa matumizi mabaya. Magazetini na mitaani iliulizwa vipi vyura wapande ndege ilhali wanafunzi wanakaa chini, kwa nini mamilioni ya dola yaende kwa kiumbe asiyeliwa. Swali la dawati ni swali halali na mimi nalibeba. Lakini fedha nyingi za mazingira ya Kihansi zilikuja kwa sababu ya Kihansi, kwa mkopo na misaada iliyofungamana na mradi huo, hazikuchukuliwa darasani. Na gharama ile kubwa haikuletwa na chura. Ililetwa na kuchelewa. Kama korongo lingekaguliwa kabla ya michoro kupitishwa, maji ya kubaki mtoni yangepangwa tangu mwanzo, vinyunyizi vingefungwa kabla mto haujakatwa, na familia chache za vyura zingeanza kufugwa Dar es Salaam kwa utulivu, si kwa ndege ya dharura.

Tena chura hakuwa peke yake mle. Mwaka 2004 mimea iliyokusanywa Kihansi ilitoa aina mpya ya kahawa ya porini, Coffea kihansiensis. Mkulima wa Mbozi anayehangaika na magonjwa ya mibuni anaelewa bila kufafanuliwa kwa nini kahawa ya porini, yenye damu ambayo shamba halina, ni mali. Nayo ilikuwa katika korongo lile lile lililokaribia kukaushwa kabla haijapewa jina.

Chura bado hajasimama kwa miguu yake. Uachiaji umeendelea kwa awamu, ila IUCN katika tathmini iliyofuata uachiaji wa kwanza ilimwacha kwenye daraja la waliotoweka porini, maana kuachiwa si sawa na kukaa, kuzaa na kuenea bila kuongezewa wengine kutoka kwenye masanduku. Kufuga ni kununua muda. Kunahitaji watu wanaolipwa mishahara kila mwezi, umeme usiokatika kwenye mashine za manyunyu, na wadudu wa chakula wasiokatika.

Msomaji akivutiwa na habari hizi asiende Rungwe na kopo. Jenasi yote ya Nectophrynoides imo katika Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba wa CITES, biashara yake ya kimataifa imezuiwa, na chura aliyetolewa kwenye ukungu wa mlimani hatapona kwenye joto la chumba. Kumwona, kumpiga picha, kumwandikisha kwa watafiti: hayo yanatosha na yanasaidia.

Kuna jambo lililo karibu nasi zaidi. Tanzania na Malawi, kupitia Kamisheni ya pamoja ya Bonde la Mto Songwe yenye makao yake Kyela, zinapanga bwawa la Songwe ya Chini lenye kituo cha umeme cha megawati 180 hivi, uwezo ule ule wa Kihansi, pamoja na umwagiliaji na kuzuia mafuriko yanayohamisha kingo za mto na mpaka pamoja nao. Mradi huo unatakiwa, na watu wa Ileje na Kyela wana haki ya kuusubiri kwa hamu. Ombi langu kwa kamisheni, kwa NEMC na kwa vyuo vyetu ni moja: kabla ya trekta la kwanza, watumwe vijana wa zuolojia na botania wakiwa na tochi na viatu vilivyooshwa, washuke kwenye kila kijito, ukingo wenye unyevu na kipande cha msitu ambacho maji yake yatabadilishwa, juu ya bwawa na chini yake, masika na kiangazi, na orodha yao iwe mezani siku michoro inapojadiliwa.